Mandžukić: mtoto aliyenyimwa karatasi Ujerumani

Tukianza kuongelea wachezaji waliopita ukimbizini, jina la kwanza huwa ni Luka Modrić: babu yake aliuawa, akakulia hotelini Zadar na wakimbizi wengine, basi. Wengine watamtaja Awer Mabil, yule aliyezaliwa Kakuma kwa wazazi wa Sudan Kusini akafika Kombe la Dunia na Australia mwaka 2022. Sawa, wote ni wetu. Lakini leo nawaletea mtu ambaye historia yake kwa upande huu haisimuliwi sana: Mario Mandžukić, namba tisa wa Kroatia, yule mrefu mwenye sura ya kununa. Namleta yeye kwa sababu alipitia kitu ambacho wengi wetu tunakiogopa karibu sawa na vita yenyewe. Familia yake iliomba karatasi za kubaki, ikanyimwa, ikarudi ilikotoka.

Tuanze na mahali. Mario alizaliwa tarehe 21 Mei 1986 katika mji wa Slavonski Brod. Wakati ule Kroatia haikuwa nchi bado, ilikuwa jamhuri mojawapo ndani ya Yugoslavia. Mji huo uko kando ya mto Sava, na ng'ambo ya mto ni Bosnia, kuna mji mwingine unaitwa Bosanski Brod. Kati yao daraja. Chukua mfano wa Goma na Gisenyi: watu wanauziana vitu, wanaoana, asubuhi uko huku, jioni uko kule. Baba yake, Mato, naye alikuwa mcheza mpira.

Mwezi wa 6 mwaka 1991 Kroatia ilitangaza uhuru, na vita ikaanza. Mwaka uliofuata moto ukawaka Bosnia, na Slavonski Brod ikajikuta mdomoni. Mabomu yalitoka ng'ambo ya mto, mengine yalitoka angani kwenye ndege. Katika mwaka ule mmoja wa 1992, watoto zaidi ya 20 waliuawa ndani ya mji huo. Maelfu ya watu wa Bosnia walikuwa wanavuka lile daraja kukimbilia mji ambao nao unapigwa. Halafu mwezi wa 10 Bosanski Brod ikaanguka, na daraja likalipuliwa.

Mwaka huohuo familia ya Mandžukić ilikwenda Ujerumani, mji mdogo wa Ditzingen karibu na Stuttgart. Mario alikuwa na miaka sita. Huko ndiko alikoanza mpira wa klabu, kwenye timu ya watoto ya TSF Ditzingen.

Hapa nataka tukae kidogo, maana watu wakisema "alikimbilia Ujerumani" wanadhani alifika peponi. Ujerumani ya 1992 haikuwa hivyo. Mwaka ule peke yake nchi ilipokea maombi ya hifadhi kama 438,000, na wananchi wengi walikuwa wamekasirika. Mwezi wa 8, mtaa wa Lichtenhagen kule Rostock, kundi la watu lilishambulia kwa mawe na moto nyumba waliyokaa wafanyakazi wa Vietnam, siku kadhaa mfululizo, huku majirani wamesimama wanapiga makofi. Mwaka 1993 wabunge wakabadilisha katiba ili kupunguza haki ya kuomba hifadhi. Watu wa Bosnia walioingia Ujerumani walifika karibu 350,000, na wengi wao hawakupewa ukimbizi kamili. Walipewa kitu kinaitwa Duldung. Neno hilo kwa Kijerumani maana yake ni kuvumiliwa. Yaani karatasi yako inasema: hujakubaliwa, ila kwa sasa hatukufukuzi. Inaisha, unairudisha kugongwa muhuri, inaisha tena. Kuna watu humu hawahitaji maelezo zaidi ya hapo.

Mwezi wa 12 mwaka 1995 mkataba wa amani ya Bosnia ulisainiwa Paris. Kroatia nayo mapigano makubwa yalikuwa yameisha mwaka huo. Wino haujakauka, na Ujerumani ikaanza kusema: vita imekwisha, rudini kwenu. Mwaka 1996 familia ya Mandžukić ilikataliwa kibali cha kuishi. Mario alikuwa na miaka kumi. Minne kati ya hiyo aliipitisha Ujerumani, na ni ile minne ambayo mtoto anajifunza kusoma na kupata marafiki wake wa kwanza. Akarudi Slavonski Brod.

Masimulizi mengi ya magazeti yanauruka mwaka huo kwa sentensi moja. Vita, Ujerumani, halafu ghafla tuko Bayern Munich. Mimi naona mwaka 1996 ndio kiungo cha habari yote, na nina sababu.

Najua mtu atasoma hapa atasema: si unaona! Alirudi kwao akawa staa, kwa hiyo kurudi ni kuzuri, kwa nini nyie mnakataa? Hapana, ndugu. Jiulize alirudia nini. Alirudi katika mji ambao risasi zilikuwa zimenyamaza kweli. Alirudi na baba anayejua mpira. Na mjini kulikuwa na klabu, NK Marsonia, ambayo ina timu za watoto zenye mwalimu na kiwanja. (Marsonia ni jina la zamani la mji ule, tangu enzi za Warumi.) Ditzingen klabu ilimpokea mtoto bila kujali karatasi yake imebaki miezi mingapi, na Brod klabu ilimpokea mtoto aliyetoka kurudishwa. Hiyo ndiyo kamba aliyoishika pande zote mbili. Ukiikata upande mmoja, leo hatumjui. Na vijana waliorudi mwaka uleule wakakuta nyumba ina watu wengine ndani, au kijiji kimebaki majivu, hao hatuna majina yao kwenye jezi yoyote.

Turudi kwenye mpira. Mario hakuwa mtoto wa ajabu. Hili nalipenda sana. Modrić kidogo walimwona mapema ingawa walisema ni mdogo mno kwa umbo. Mandžukić alikaa Marsonia miaka mingi ya ujana, akacheza msimu mmoja kwenye timu nyingine ya mjini, Željezničar, jina lenye maana ya mtu wa reli, akarudi tena Marsonia. Hizo si timu za kuonekana kwenye televisheni. Mwaka 2005, ana miaka 19, ndipo alipohamia NK Zagreb, mji mkuu. Pale akafundishwa na Miroslav Blažević, yule mzee mwenyewe aliyeipeleka Kroatia nafasi ya tatu Kombe la Dunia 1998, mwaka ambao Davor Šuker alifunga mabao sita akawa mfungaji bora.

Mwaka 2007 Dinamo Zagreb ilimuuza Eduardo da Silva kwa Arsenal. Walihitaji mshambuliaji, wakamchukua Mandžukić. Fikiria kuingia kwenye viatu vya Eduardo pale Zagreb! Mashabiki hawakuwa na subira. Lakini msimu wa 2008/09 akawa mfungaji bora wa ligi, mabao 16. Mwaka 2009, baada ya kufungwa na Anderlecht kwenye Europa League, klabu yake mwenyewe ilimpiga faini ya yuro 100,000, eti hakujituma. Mandžukić! Mtu ambaye baadaye makocha wote walimsifu kwa kukimbia mpaka miguu itoke moshi. Ndiyo maana maneno ya viongozi wa klabu wakati timu imefungwa mimi huwa siyachukui kama Injili.

Timu ya taifa ilimwita mara ya kwanza mwezi wa 11, 2007. Bao lake la kwanza lilikuja mwezi wa 9, 2008, nyumbani Zagreb dhidi ya Uingereza, siku ambayo Kroatia ilipigwa 4-1 na kijana Theo Walcott akafunga matatu. Bao la kufutia machozi. Ishikeni hiyo mechi akilini.

Kisha 2010. VfL Wolfsburg ya Ujerumani ilimnunua kwa karibu yuro milioni 7.

Nchi ileile. Miaka 14 imepita. Mtoto wa miaka kumi aliyeambiwa hakuna kibali anaingia tena kwa mlango wa mbele, na sasa ni wao wanaolipa. Simaanishi Wajerumani wana roho mbaya, klabu si ofisi ya uhamiaji. Ninachosema ni kwamba mtu ni yuleyule. Miguu ni ileile. Kilichobadilika ni bei tu.

Mwanzoni Wolfsburg hakung'aa. Mbele yake alikuwepo Edin Džeko, mtoto wa Sarajevo ambaye yeye hakukimbia, alikulia ndani ya mji uliozingirwa. Kwa hiyo timu moja ya Ujerumani ilikuwa na washambuliaji wawili, mmoja aliyekaa chini ya mabomu na mmoja aliyeondoka. Mwezi wa 1, 2011 Džeko akaenda Manchester City, na Wolfsburg ikaanza kuzama kuelekea daraja la pili. Mandžukić alimaliza msimu ule na mabao 8, mengi yake yakaja mwishoni, wakati wa kufa na kupona. Siku ya mwisho kabisa, ugenini Hoffenheim, walishinda 3-1, yeye akafunga mawili, timu ikabaki ligi kuu.

Euro 2012 alifunga matatu, mawili dhidi ya Ireland na moja dhidi ya Italia, akawa miongoni mwa wafungaji bora wa mashindano. Bayern Munich wakamchukua. Msimu wake wa kwanza pale walibeba kila kitu: ligi, kombe la Ujerumani na Ligi ya Mabingwa. Fainali ilikuwa Wembley, tarehe 25 Mei 2013, dhidi ya Borussia Dortmund. Dakika ya 60 Robben akapenyeza pasi langoni, Mandžukić akasukuma ndani. Dortmund walisawazisha kwa penalti, Robben akamaliza kazi dakika ya 89, ikawa 2-1. Mandžukić alikuwa Mkroatia wa kwanza kufunga bao kwenye fainali ya Ligi ya Mabingwa.

Lakini hatuwezi kumwandika mtu kwa mabao tu. Mwezi wa 11, 2012 mahakama ya The Hague iliwaachia huru kwa rufaa majenerali wawili wa Kroatia, Ante Gotovina na Mladen Markač. Walikuwa wameshtakiwa kwa mambo ya operesheni ya mwezi wa 8, 1995, ile iliyorudisha maeneo mikononi mwa Kroatia na kuwafanya Waserbia zaidi ya 150,000 wakimbie makwao. Siku iliyofuata Bayern walicheza na Nürnberg. Mandžukić akafunga, yeye na Xherdan Shaqiri wakapiga saluti ya kijeshi. Kelele ikazuka, hasa Serbia. Mandžukić alikana, akasema haikuwa siasa.

Mimi sitaki kuhukumu mkono wa mtu. Nalitaja kwa sababu tunapenda kumfanya mkimbizi awe malaika wa amani, na si kweli. Shaqiri mwenyewe alizaliwa Gjilan, Kosovo, akapelekwa Uswisi mtoto. Wote wawili walibeba upande wao. Na wale Waserbia wa 1995, waliopanda matrekta na magodoro yao, nao walikuwa na watoto wa miaka tisa na kumi ndani ya yale matrekta, umri sawa na Mario. Mkimbizi wa upande mmoja anaweza asimwone mkimbizi wa upande wa pili. Sisi tunaochota maji bomba moja na watu waliotoka upande mwingine wa vita yetu, tunalijua hilo vizuri, ingawa hatulisemi.

Bayern wakamleta Guardiola, halafu wakamleta Lewandowski. Mandžukić akaondoka 2014 kwenda Atlético Madrid. Msimu mmoja tu, mabao 20, halafu Juventus. Italia alibeba ubingwa wa ligi mara nne, ila kuna kitu kimoja pale nakiona kikubwa kuliko makombe. Mwezi wa 1, 2017 kocha Allegri alimtoa katikati akampeleka winga wa kushoto. Mtu wa urefu wa sentimita 190, ana miaka 30, amezoea kugombea mipira ya kichwa na mabeki, unamwambia nenda pembeni ukimbizane na mabeki wa pembeni! Wachezaji wengi wangenuna. Yeye sura yake tayari imenuna, kwa hiyo hakuna aliyejua tofauti. Alikimbia. Juventus wakafika fainali Cardiff, tarehe 3 Juni 2017, dhidi ya Real Madrid. Dakika ya 27 aliupokea mpira kifuani mgongo ukiwa kwa goli, akapiga tikitaka, ukampita Keylor Navas ukaingia. Walifungwa 4-1. Lile bao bado watu wanalitafuta kulitazama.

Halafu Urusi 2018. Hapa wengi wenu mlikuwepo, mmebanana mbele ya televisheni moja inayokula mafuta ya jenereta. Ile timu ya Kroatia iangalieni kwa jicho lingine. Modrić tumeshamsema. Vedran Ćorluka, familia yake ilikimbia Bosnia kuja Zagreb. Dejan Lovren, yeye ni kama pacha wa Mandžukić kwa historia: walikimbia Bosnia wakaenda Munich, wakakaa miaka saba, wakanyimwa ruhusa ya kubaki, akafika Kroatia ana miaka kumi na Kikroatia chake kibovu, watoto shuleni wanamcheka. Mwaka 2017 alisimulia mwenyewe kwenye filamu ya klabu yake Liverpool jinsi baba yake alivyouza viatu vyake vya kutelezea barafu kwa sababu nyumbani hapakuwa na pesa. Nchi ina watu kama milioni nne tu. Vita ilikuwa imepita karibu kila nyumba.

Dhidi ya Denmark walifungwa ndani ya dakika ya kwanza, Mandžukić akasawazisha dakika ya 4, wakapita kwa penalti. Urusi pia penalti. Nusu fainali, Uingereza. Kieran Trippier alifunga mapema kwa mpira wa adhabu, Perišić akasawazisha, wakaenda muda wa nyongeza. Dakika 120 mara ya tatu mfululizo, miguu imekufa. Dakika ya 109 Perišić akaurudisha mpira nyuma kwa kichwa, beki John Stones akasinzia nusu sekunde, Mandžukić akawa ameshapiga. 2-1. Ile timu iliyoona bao lake la kwanza la taifa, katika kipigo cha 4-1, ndiyo hiyo.

Wachezaji walikimbia pembeni kushangilia wakamwangukia mpiga picha mmoja wa AFP, Yuri Cortez, mtu wa El Salvador. Alikuwa chini ya rundo la watu na bado anapiga picha. Mandžukić akamnyooshea mkono kumwinua. Zile picha ni nzuri kuliko za wote waliokaa mbali na lenzi kubwa. Cortez naye anatoka nchi iliyoonja vita.

Fainali, tarehe 15 Julai, Moscow. Dakika ya 18 Griezmann akapiga mpira wa adhabu, Mandžukić akaruka kuokoa, ukamgusa kichwani ukaingia golini kwake. Bao la kwanza la kujifunga katika historia ya fainali za Kombe la Dunia. Mtu mwingine angetafuta shimo ajizike. Ufaransa ikafika 4-1, mchezo umeisha kabisa, na dakika ya 69 huyu mtu bado anamkimbilia kipa Lloris kama anadaiwa. Lloris akajaribu kumchenga, Mandžukić akaweka mguu, goli. 4-2. Mechi ikaisha hivyo, akawa mchezaji wa kwanza kuzifungia timu zote mbili kwenye fainali moja. Mwezi uliofuata akastaafu timu ya taifa: mechi 89, mabao 33.

Mwisho wake haukuwa na sherehe. Juventus ilipata kocha mpya, hakupangwa tena, akaenda Al-Duhail ya Qatar, kisha AC Milan mwezi wa 1, 2021. Pale alikuwa majeruhi muda mwingi. Mshahara wa mwezi wa 3 aliukataa, akisema hakucheza, na pesa ikaenda kwenye mfuko wa hisani wa klabu. Mwezi wa 9 mwaka huo akatangaza kuacha mpira, na miezi michache baadaye akaingia benchi la ufundi la Kroatia kama msaidizi wa kocha Dalić.

Aliposema kwaheri hakuandika hotuba. Aliandika barua kwa Mario mdogo, yule mtoto anayevaa viatu vyake vya mpira kwa mara ya kwanza, akimwambia hawezi hata kuota mambo yatakayomkuta. Sasa tukihesabu miaka, mtoto huyo alivaa njumu za klabu kwa mara ya kwanza kule Ditzingen, kwenye kibali ambacho kingekataliwa. Chini ya barua akaongeza utani: kama siku moja utacheza na Uingereza kwenye Kombe la Dunia, kaa tayari karibu na dakika ya 109.